Nyumba ya Casuarina: kontrakta watatu na swali la "mwauza ama mwakaa?"

Kisa hiki ni cha nyumba moja ya vyumba vitatu upande wa Casuarina hapa Malindi, ilinunuliwa na mtoto wa ami yangu, mimi namwita dada, ili aikarabati halafu aiuze. Yeye ni muuguzi Mombasa, pesa ni akiba yake mwenyewe ya miaka, si za mkopo. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika daftari la hesabu, kila shilingi ilipita mbele yangu, ndo maana naweza kukieleza mwanzo mpaka mwisho bila kubahatisha. Nakiandika manake nikisikia watu wakizungumza hii biashara ya kununua nyumba kuukuu na kuuza, maswali yote ni ya ploti, ploti iko wapi, bei gani, broka ni nani, na kontrakta anatajwa mwisho kabisa. Kwenye nyumba hii kontrakta ndo alikuwa biashara yenyewe.

Mwenye nyumba alikuwa Mtaliano aliyeishi hapa muda mrefu kisha akarudi kwao. Wataliano wameuzoea mji huu tangu enzi za mradi wa San Marco kule Ngomeni miaka ya 1960, na wengi walijenga, sasa wengine wamezeeka, wengine wamefariki na watoto hawataki kuja, nyumba zimebaki na mlinzi na majani. Hii ilikuwa hivohivo. Paa la makuti limeoza, vyoo havipitishi maji, stima imekatwa, lakini ukuta umesimama na barabara iko karibu. Kitu kimoja cha haraka kuhusu hati: mgeni kikatiba hawezi kumiliki ardhi ya Kenya moja kwa moja, Katiba ya 2010 kifungu cha 65 inampa lisi (haki ya kukodi ardhi) isiyozidi miaka 99, kwa hivo ukinunua kwa mgeni usiishie kuuliza kama hati ipo, hesabu lisi imebakisha miaka mingapi. Yetu ilikuwa imebakisha mingi. Sachi, yaani ukaguzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi, ikatoka safi, tukaendelea.

Sasa hesabu, manake bila hesabu hutaelewa kwa nini nasema kontrakta ndo biashara. Bei 6,500,000. Ushuru wa stampu wa serikali mjini ni asilimia 4, hiyo ni 260,000. Wakili na makaratasi 120,000. Dada alikuwa amepanga ukarabati wa 1,800,000, na nyumba za jirani zilizo katika hali nzuri zilikuwa zikiuzwa kama 11,000,000. Ukitoa na ya broka asilimia 3, inabaki kama 1,990,000, hapo KRA, mamlaka ya kodi, wanataka asilimia 15 ya faida (ilikuwa 5, ikapanda kuanzia Januari 2023), unabaki na kama milioni 1.69. Ni pesa nzuri. Lakini sasa chukua ukarabati upitilize kwa milioni moja tu, na milioni moja kwenye nyumba kuukuu si kitu cha ajabu, faida inashuka hadi kama 840,000. Nusu yote imekwenda, na nyumba ni ileile, ploti ni ileile, wakili ni yuleyule. Kilichobadilika ni mtu aliyeshika kazi.

Wamarekani, ambao hii biashara wameifanya mpaka ina kanuni zake, wana kipimo chao cha mkononi: usinunue kwa zaidi ya asilimia 70 ya bei utakayouzia, ukishatoa gharama ya ukarabati. Kwa nyumba hii ni 7,700,000 kutoa 1,800,000, yaani 5,900,000. Dada alikuwa amelipa 600,000 zaidi ya hapo. Sisemi alikosea, bei za Malindi na za huko si kitu kimoja, ila maana yake ni kwamba hakuwa na nafasi ya kuteleza.

Basi tukaita kontrakta watatu.

Wa kwanza alitoka kwa broka. Alikuja na gari zuri na picha nyingi kwenye simu, akazunguka nyumba upesi upesi, na muda wote alikuwa anaongea na mimi, si na mwenye pesa, hilo nililiona na dada aliliona. Akauliza, "Mnauza ama mnakaa?" Tukamwambia tunauza. Akasema, "Basi tufanye ya macho. Plasta, rangi, taili za kisasa, jipsam sebuleni, tumalize kabla ya masika." Bei yake ilikuja kesho yake kwa meseji, mstari mmoja, 1,450,000, asilimia 60 mbele.

Hapo kwenye "kabla ya masika" ndo penye siri ya mji wetu na nataka nikae hapo kidogo. Tulikuwa Januari, katikati ya kaskazi. Msimu huo ukuta wowote Malindi unaonekana mzima. Hewa kavu, jua kali, hata ukuta uliojaa chumvi umetulia kimya. Ukipiga rangi Februari na kuuza Machi, mnunuzi anaona nyumba mpya. Mvua za Aprili na Mei zikianza, unyevu unapanda kutoka chini, chumvi inatoka nje na kusukuma rangi, ukuta unabambuka vipande vipande, na wewe huku ushapokea pesa. Yule bwana hakuwa anatuibia sisi. Alikuwa anatupa mpango wa kumwibia mtu mwingine, na ndani ya mpango huo sisi tungepata faida. Na kweli ilishawishi, nisiseme uongo, 1,450,000 ilikuwa chini ya bajeti yetu.

Wa pili alikuwa shemeji wa dada, mume wa dadake mkubwa. Huyu ni mtu mwema na fundi kweli, amejenga nyumba za watu Muyeye na Maweni. Alisema 1,700,000 kwa mdomo, na alipoombwa kuandika akasema, "Shem, sisi ni nyumba moja, twaandikiana nini?" Hili ni gumu kuliko la kwanza. Kontrakta mwongo unamkataa na unalala usingizi, lakini shemeji ukimkataa, Idi mtakaa vipi? Nitalirudia.

Wa tatu alikuwa mzee mmoja asili yake Lamu, alijifunza kazi kwenye nyumba za mawe za huko, akahamia Malindi siku nyingi. Hatukumpata kwa broka wala kwa mtu wa familia, tulimpata hadwea, duka la vifaa vya ujenzi. Nilimuuliza mwenye duka, huyu humjui kwa jina lakini kila mtaa una wa kwake, swali moja tu: ni kontrakta gani hana deni kwako? Akafikiri, akataja wawili. Mmoja alikuwa na kazi Kilifi, mwingine ndo huyu mzee.

Alifika na nyundo ndogo, tochi, na akaomba ngazi. Hakuingia sebuleni kwanza. Alianza varanda, akagonga nguzo moja moja kutoka chini kwenda juu akisikiliza. Nguzo mbili za upande wa bahari zikalia kama debe tupu. Akapanda ngazi akagonga slebu, lile zege la juu ya varanda, pale ambapo palikuwa na ufa mwembamba wenye rangi ya kahawia, kipande cha zege kikaanguka chenyewe na chuma kikaonekana, kimevimba na kubanduka magamba. Akatueleza taratibu, na maelezo yake ndo hivi: nyumba nyingi za ufuoni zilijengwa kwa mchanga wa bahari au maji ya kisima yenye chumvi, na hata zilizojengwa vizuri upepo wa bahari unapeleka chumvi ndani ya zege mwaka baada ya mwaka. Chumvi ikifikia chuma, chuma kinaoza, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hivo inasukuma zege kutoka ndani mpaka lipasuke. Ukipiga plasta juu yake umefunika kidonda, kinaendelea kuoza. Dawa ni kuvunja zege mpaka nyuma ya chuma, kusugua kutu yote, chuma kilichokwisha kukatwa na kuwekwa kipya, halafu kufunika tena kwa unene wa kutosha, huku pwani milimita 40 kwenda juu.

Kisha akauliza maji ya kujengea yatatoka wapi. Akaonja ya kisima, akatema, akasema atapiga hesabu ya maji ya bowser, lori la tangi. Akauliza mchanga tutanunua kwa nani, akataka wa mtoni, tena wa juu mtoni, si wa karibu na mdomo wa Sabaki. Akafungua kifuniko cha karo la choo, shimo la maji machafu, kitu ambacho wale wawili hawakukifikiria. Mwisho kabisa akamgeukia dada, akamuuliza yeye, "Mwanangu, mwauza ama mwakaa?"

Swali ni lilelile la kontrakta wa kwanza. Dada akajibu twauza. Mzee akasema, "Haya. Bei ni moja."

Kwangu mimi kisa kizima kiko hapo. Ukifanya biashara ya kuuza nyumba utakutana na mafundi wengi watakaokusaidia kumficha mnunuzi, na utawaona ni wenzako, wanaelewa biashara. Lakini kuficha ni ufundi, na mwenye ufundi huo hautumii kwa mnunuzi peke yake. Anayejua kufunika chuma kilichooza ili mnunuzi asione, atafunika na mfuko wa simiti uliopungua ili wewe usione. Sijui njia nyingine ya kumpima mtu uaminifu mapema hivo kabla hujampa hata shilingi.

Bei ya mzee ilichukua siku kadhaa na ilikuja kwenye karatasi mbili za mkono. Nguzo, slebu na varanda 520,000. Paa la makuti 340,000. Vyoo na mabomba 430,000. Wayaringi 210,000. Jikoni 260,000. Sakafu, plasta na rangi 390,000. Karo, tangi la maji na geti 200,000. Jumla 2,350,000. Chini akaandika, weka na ya dharura, kumi kwa mia. Yaani alikuwa juu ya kontrakta wa kwanza kwa laki tisa, na juu ya bajeti ya dada kwa zaidi ya nusu milioni. Dada alinyamaza usiku ule wote.

Kabla ya kuamua tulifanya upelelezi na hapa naomba msome polepole, manake ndo sehemu watu wanairuka.

Kwanza karatasi za serikali. Kenya kontrakta anatakiwa awe amesajiliwa na National Construction Authority, sheria yake ni ya 2011, na wamepangwa madaraja kutoka NCA 1 mpaka NCA 8, nane ndo ndogo kabisa na kwa kazi ya nyumba kama hii inatosha. Leseni inalipiwa kila mwaka. Unaweza kutafuta jina la kampuni kwenye tovuti yao mwenyewe, usitegemee picha ya cheti anayokutumia. Yule wa kwanza alitutumia cheti kizuri, tulipotafuta jina lililoandikwa tukakuta ni kampuni ya mtu mwingine na leseni haijalipiwa. Alikuwa ameazima. Kuazima leseni kumeenea sana, na hatari yake ni kwamba ukija kudai, unayemdai kwenye karatasi hajawahi hata kukanyaga saiti yako. Mzee alikuwa na kampuni ndogo ya yeye na mwanawe, NCA 8, imelipiwa. Na umeme alisema mwenyewe ataleta mtu mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, yeye hagusi.

Lakini cheti hakikwambii kama mtu ni mwaminifu, kinakwambia yupo tu. Kwa hivo pili, nyumba alizofanya. Na si nyumba aliyomaliza mwezi jana, hiyo kila mtu nyumba yake inang'aa. Uliza nyumba iliyopita masika mbili. Kontrakta wa kwanza alitupeleka kwenye nyumba mbili mpya kabisa, tulipomuomba ya zamani akasema wenyewe wako Ulaya, funguo hazipo. Tukaenda wenyewe tukaongea na mlinzi wa nyumba moja aliyoitaja, mlinzi akatuonyesha ukuta wa nyuma, rangi imeshapigwa mara ya pili na inabambuka tena. Mlinzi anajua kuliko mwenye nyumba, manake yeye ndo yuko pale mvua ikinyesha. Mzee alitupa nyumba tatu, moja ya miaka minne, tukagonga nguzo kwa nyundo kama alivyotufundisha yeye mwenyewe.

Tatu, vibarua. Nenda saiti aliyo nayo sasa Jumamosi mchana, wakati wa kulipana. Kama vibarua wake wanasimama wakinung'unika mpaka magharibi, pesa ya saiti hii inalipa madeni ya saiti ile, na siku ukimpa yako itakwenda kumaliza nyumba ya mwingine. Kwa mzee vibarua walilipwa saa saba na kila mtu akashika njia yake. Hicho kwangu kilikuwa na uzito kuliko cheti.

Sasa shemeji. Dada hakumkataa. Alichofanya ni kuandika karatasi moja, yenye vitu vilevile saba alivyovitaja mzee, akawapa wote watatu wajaze bei kila mstari, na kusema atakayekuja kununua atataka kuona hizi karatasi. Ambalo ni kweli. Kontrakta wa kwanza hakuijaza. Shemeji alikaa nayo, akaja akasema kwa ukweli wake kazi ya chuma kilichooza hajawahi kufanya, lakini milango na madirisha anaweza. Akapewa milango na madirisha, akaifanya vizuri, na Idi imekaliwa pamoja. Nawaambia watu wetu, kwenye familia usimpime mtu kwa mdomo, mpe karatasi sawa na wengine, mwenyewe atakwambia anachoweza, na heshima yake inabaki.

Mkataba na mzee ulikuwa ukurasa mmoja na nusu, kwa Kiswahili, mashahidi wawili. Mpango ulikuwa huu: vifaa vyote ananunua dada mwenyewe, anamlipa mwenye hadwea moja kwa moja kwa till ya M-Pesa, risiti inakuja kwangu. Mzee ni wa kazi tu, 820,000 ndani ya zile 2,350,000. Kuanza alipewa 82,000. Zilizobaki zikagawanywa kwa hatua, hatua ikiisha na kukaguliwa ndo inalipwa, na 82,000 ya mwisho inabaki kwa dada miezi sita baada ya kukabidhi. Na kifungu kimoja ambacho mzee mwenyewe alikitaka kuliko sisi: kazi ya ziada haifanywi mpaka iandikwe bei na ikubaliwe, hata kwa meseji.

Linganisha. Kwa kontrakta wa kwanza, siku ya kwanza asubuhi dada angekuwa na 870,000 mkononi mwa mtu ambaye hata kampuni si yake. Kwa mzee, 82,000. Watu wanauliza kama mtu ni mwaminifu basi kwa nini umfunge hivo. Jibu la mzee mwenyewe lilikuwa kwamba pesa nyingi ya mapema inamharibu hata mtu mzuri, akiugua mtoto ataigusa, na akiigusa ataanza kukukwepa. Nyongeza yangu ni ya kisheria: Mahakama ya Madai Madogo inasikiza madai yasiyozidi milioni moja, hakuna lazima ya wakili, na sheria inaipa siku 60 kumaliza kesi. Ukiweka malipo yako yagawanyike hivo, lolote likitokea liko ndani ya uwezo wa mahakama hiyo.

Na risiti si za kumbana fundi tu. Ile asilimia 15 ya KRA inahesabiwa kwa faida baada ya kutoa gharama unazoweza kuzithibitisha. Ukikarabati kwa milioni mbili na nusu na huna risiti, unaweza kulipa kodi ya zaidi ya laki tatu na nusu kwa pesa ambayo imeshaingia ukutani. (Na kama kuuza nyumba ndo kazi yako ya kila siku, wanaweza kuihesabu kama mapato ya biashara, hapo hesabu ni nyingine, kaa na mhasibu kabla hujauza.)

Kazi ilianza Februari. Kibali cha kaunti kilichukua muda kwa sababu kugusa nguzo si rangi, ni kazi ya muundo, na mhandisi alikuja kuangalia. Makuti yaliezekwa upya na mzee akainua mwinuko wa paa kidogo upande wa nyuma, alisema makuti yakilala maji yanasimama na yanaoza kabla ya wakati. Kuta za chini upande wa bahari alizibandua plasta kimo cha mtu kukaa, akaziacha wazi. Wazi kabisa, masika yote. Majirani walidhani pesa zimeisha. Alitaka ukuta utoe chumvi, upigwe brashi, utoe tena, na mvua zituonyeshe unyevu unaanzia wapi. Ukaonekana: bomba la zamani chini ya bafu lilikuwa linavuja tangu sijui lini.

Mtihani wenyewe ulikuja Machi. Walipovunja slebu ya varanda wakakuta bimu inayoshika mlango mkubwa nayo imeoza kuliko ilivyolia. Mzee akasimamisha kazi, akaegemeza boriti chini yake, akatuma picha nne na bei, 190,000, akasema nangoja. Vibarua wakakaa bila kazi na yeye ndo alikuwa anaumia kwa hilo. Dada akampeleka mhandisi, mhandisi akathibitisha, dada akajibu sawa. Ingekuwa kontrakta wa bei ya mstari mmoja, bimu ile ingepigwa plasta manake bei yake haina nafasi ya kitu kisichoonekana. Bei ya chini sana inamlazimisha mtu kuficha hata kama hakuja na nia hiyo.

Mzee naye si malaika. Fundi wake wa taili alilaza sakafu ya bafu la wageni vibaya, maji yakasimama mlangoni badala ya kwenda kwenye tundu. Tulimwonyesha, hakubisha, ikang'olewa, kazi ikarudiwa bila malipo na taili alizilipia yeye. Jikoni tuliokoa 60,000 kwa kubakiza makabati ya zamani ya mbao ngumu, wazo lake, ambalo kontrakta anayekula kwenye vifaa hawezi kukupa.

Jumla ya ukarabati ikawa 2,480,000. Alikabidhi Agosti. Nyumba ikauzwa Oktoba kwa 11,200,000 kwa mtu na mkewe wastaafu kutoka Nairobi, na walikuja na mhandisi wao. Mhandisi alikwenda moja kwa moja varanda, akatoa nyundo. Dada akampa faili: picha za chuma kabla, picha baada, risiti, karatasi ya mhandisi wa kwanza. Hawakupunguza bei hata shilingi, walichoomba ni namba ya mzee. Ukitoa kila kitu, broka, kodi, mlinzi na stima ya miezi yote ile, dada alibaki na kama milioni 1.1 na kidogo. Chini ya ile 1.69 ya ndoto ya Januari. Wapo waliomwambia angechukua yule wa kwanza, auze Machi, angepata zaidi, na kwenye karatasi ni kweli kama mhandisi wa mnunuzi asingekuwa na nyundo. Mimi sioni kama hiyo ni faida, ile varanda ni mahali watoto wa watu wanacheza chini yake.

Ile 82,000 ya mwisho ililipwa baada ya vuli kupita, nzima, manake kilichotokea ni bawaba moja ya geti na mwanawe alikuja kuirekebisha siku hiyohiyo.

Sasa dada anaangalia nyumba ya pili upande wa Silversands. Safari hii mzee alikwenda kabla ya dipoziti, akalipwa kwa siku yake ya kuangalia, akagonga nguzo zote, akashuka ngazi na kumwambia hii waache, msingi umeliwa, hakuna bei ya kuitengeneza itakayobakisha kitu. Broka alikasirika sana. Dada amemwambia atafute nyingine.